Aliyemvunja Kiplimo Mkono

Mara ya kwanza Wangu wa Thuo kumpiga mwanamume, alimpiga kwa karai. Alikuwa msichana wa kubeba mchanga kwenye mjengo wa shule kwao Kabazi, na kulikuwa na fundi mmoja aliyezoea kumshika kiuno kila alipopita na mzigo, huku wenzake wakiangua kicheko. Siku hiyo Wangu aliumwaga mchanga wote chini, akaligeuza karai, akamgonga nalo sikioni. Fundi akaanguka. Aliposimama damu ilikuwa imefika kwenye kola, akamrukia, na walipotenganishwa Wangu alikuwa na jicho moja lililofumba kabisa. Kesho yake alirudi kazini na karai lake. Fundi ndiye hakurudi.

Mama yangu ni shangazi yake Wangu, na hadithi hiyo aliisimulia jikoni kwetu kila tulipopata wageni, kama wazazi wengine wanavyosimulia mtoto aliyepita mtihani. Nilikua nikimwogopa huyo binamu yangu. Nilipoanza kazi ya kufunga vyuma chini yake nilimwogopa zaidi, maana sasa nilikuwa najionea. Alimzaba makofi fundi aliyepanda jukwaa la mjengo akinuka chang'aa. Jamaa mwingine aliambiwa atoke kwenye shimo la msingi kwa sababu ukingo ulikuwa umeanza kupasuka, akajifanya hasikii. Wangu akamtupia kipande cha tofali begani. Akatoka akitukana. Mchana huohuo udongo ulianguka palepale alipokuwa amesimama, na yeye aliendelea kulalamikia bega lake mpaka Krismasi. Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule nakasirika.

Mumewe naye aliwahi kumwinulia mkono, mara moja. Sitasema yaliyotokea ndani ya nyumba ile, ila mume huyo yu hai, anakaa Subukia, na akija Kabazi hupitia njia ya mbali.

Lakini ulipomuuliza Wangu anajivunia nini, hakutaja ngumi hata siku moja. Alikwambia kwamba tangu awe msimamizi hakuna mtu aliyetolewa kwenye mjengo wake akiwa amefunikwa blanketi. Alilisema hilo hata kanisani, kwenye ushuhuda, na watu wakaitikia amina.

Ni kwa sifa hiyo Quincy alimwajiri. Quincy alikuwa mkandarasi kijana, msomi, mtu wa kuvaa kofia ya mjengo hata akiwa ndani ya gari. Alikuwa amepata kazi ya kujenga nyumba za kupangisha pale Kiamunyi, mali ya Mzee Kimaiyo, mkulima wa ngano kutoka Mau Narok. Kabla hatujachimba hata shimo moja, Quincy alituita sote chini ya kibanda cha mabati akatusomea mkataba. Sijawahi kuona mkandarasi mwingine akifanya hivyo, na hapo nampa heshima yake, kwa sababu baadaye hakubakisha nyingine.

"Mzee, kazi yako ni kutupa kiwanja, kuleta vifaa vile ulisema utaleta, na kulipa," alisema. "Injinia anakagua vyuma na konkriti. Mimi najenga. Lakini huku chini, mambo ya wafanyakazi na usalama wao, mwenye amri ni foreman peke yake. Mwenye mjengo hatatuma mfanyakazi kitu chochote moja kwa moja. Na ile miti itashikilia slabu, haitatolewa mpaka injinia akubali na foreman atoe amri."

Mzee Kimaiyo aliguna. "Kwa hivyo nikipata mtu amelala kwa mjengo yangu, nisimwamshe?"

"Utaniambia mimi, Mzee," Wangu akajibu. "Mimi ndio nitamwamsha."

"Nimesikia vile wewe huamsha watu, mama."

Tulicheka sana. Mzee akatia sahihi, Quincy akatia sahihi, na Wangu akaandika jina lake pale palipoandikwa msimamizi. Hiyo miti iliyotajwa ilikuwa ya mikaratusi, na Mzee Kimaiyo aliitoa mwenyewe shambani kwake ili asikodishe ya watu. Alikuwa ameipanda kwa mikono yake akiwa kijana, na hakuacha kutuambia.

Sasa, siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya konkriti ya ghorofa, kwetu si siku ya kazi tu. Mwenye mjengo huchinja, na watu hula mpaka wafungue mishipi. Wengine huleta mbuzi wa kukonda wakajificha ndani ya gari. Mzee Kimaiyo alichinja fahali. Alivua koti, akajifunga aproni ya mkewe, akatembea na sinia kutoka kwa mtu hadi mtu akimwita kila mmoja kwa jina lake. Elphas, fundi wetu wa plasta, mtu mpole mwenye sauti nzuri, alimtungia wimbo papo hapo, sote tukaitikia. Kiplimo, kiongozi wa mafundi wa mbao, akainuka akasema kuanzia leo huyu si mwenye mjengo, huyu ni baba. Tukapiga makofi. Mimi nilikula mbavu mpaka nikashindwa kuinama, na sijutii. Wangu peke yake hakula. Alikuwa bado juu ya slabu akiwafokea waliokuwa wakisawazisha konkriti, na aliposhuka sufuria zilikuwa zimeoshwa.

Kuanzia siku hiyo kulikuwa na mkataba wa Quincy, na kulikuwa na ile nyama. Mtu akikulisha namna hiyo mbele ya watu, kwetu unaona aibu kumkatalia kitu. Hakuna aliyekaa chini akafikiria kwamba sasa tuna wakubwa wawili.

Haukupita muda mrefu Mzee akafika asubuhi na lori na makuli kutoka shambani. Mvua ilikuwa inanyemelea, ngano ilikuwa karibu kuvunwa, na ghala lake la Mau Narok halikuwa na nguzo. Aliingia moja kwa moja chini ya slabu akagonga mti mmoja kwa kiganja.

"Vijana wangu, toeni hii miti. Nataka jioni iwe Mau Narok."

Ile slabu ilikuwa bado changa. Ukiikwaruza na msumari ilitoa unga. Kila fundi pale alilijua hilo, na injinia alikuwa hajasema neno. Lakini Kiplimo alishachukua nyundo.

Wangu alikuwa langoni akipokea kokoto. Alikuja mbio, akasimama mbele ya Mzee, akasema miti haiguswi. Akampigia Quincy simu akiwa amesimama palepale. Nilikuwa karibu, nikamsikia: "Quincy, wanatoa miti! Ndiyo, Mzee mwenyewe, yuko hapa." Akasikiliza. Akaweka simu mfukoni.

"Mkandarasi anasema iachwe, anakuja. Mzee, ulitia sahihi."

"Mama, hiyo miti nilipanda nikiwa na nywele nyeusi," Mzee akasema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Kiwanja ni changu. Nyumba ni yangu. Hawa ni watoto wangu. Wewe ni foreman wa nani?"

"Wa hawa. Wote wakitoka hapa jioni wakitembea, nimemaliza kazi yangu. Kiplimo, weka nyundo chini."

"Wacha maneno mingi, mathe," Kiplimo akajibu, akapiga chini ya mti wa kwanza. Mti ukalegea, ukaanguka na kishindo. Wenzake wakashangilia. Juu ya vichwa vyetu vumbi jembamba likateremka.

Wangu aliokota mpini wa sururu. Akarudia, polepole safari hii: "Kiplimo. Weka nyundo chini."

Kiplimo akainua nyundo kwa mti wa pili. Wangu akamtandika kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kwa nguvu zake zote. Tulisikia mfupa. Nyundo ilianguka upande wake, na mkono wa Kiplimo ukabaki umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alipiga ukelele.

Basi wakamwingia. Mafundi wa mbao waliokunywa naye chai asubuhi, makuli ambao hata jina lake hawakulijua, wote. Mmoja alimpiga teke la tumbo, mwingine akamvuta nywele akamkokota kwenye kokoto. Wangu aliuma mkono wa mtu mpaka nyama ikabaki mdomoni. Mimi nikaingia nikirusha ngumi ovyo, nikamwangusha mmoja, kisha nikapigwa na kipande cha mbao usoni, na meno yangu ya mbele yakabaki Kiamunyi. Nililala kifudifudi nikitema damu, nikaona wanamfunga Wangu kwenye nguzo ya lango kwa waya ule ninaofungia vyuma. Waya wangu mwenyewe. Mzee Kimaiyo alikuwa akisema, "Msimuumize, mfungeni tu atulie," na hakuna aliyemsikiliza katika hilo.

Kiplimo alitolewa nje akakalishwa kwenye rundo la mchanga, uso umekuwa wa jivu. Elphas akaingia chini ya slabu. Hakuwa fundi wa mbao, hakuwa amempiga mtu, lakini kazi ilikuwa imesimama na Mzee alikuwa anatazama saa. Akaiokota nyundo ya Kiplimo.

"Elphas!" Wangu akapiga kelele kutoka langoni. Mdomo wake ulikuwa umevimba, lakini jina lilisikika. "Elphas, toka! Toka huko, nakuomba!"

Elphas akamgeukia akainua mkono, kama kumwambia asijali, halafu akapiga. Alipiga mti baada ya mti. Alikuwa na nguvu, na alikuwa anaimba.

Slabu haikutoa onyo. Ilikatika katikati, ikashuka. Mlio ulikuwa mmoja, mzito, nikausikia kifuani kabla ya masikioni. Vumbi likatufunika sote. Wengine walikuwa wameshatoka na miti mabegani; waliokuwa pembeni waliruka wakapona na mikwaruzo. Vumbi lilipopungua tukaona kiatu kimoja cha Elphas, na ndani ya kiatu mguu.

Wangu alikuwa amevuta waya ule mpaka ukamkata vifundo vya mikono. Nilimfungulia kwa koleo. Hakuniangalia. Alikwenda akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, akivuta vipande vya konkriti vilivyokuwa bado na unyevu ndani. Wale waliompiga wakaja wakachimba naye, bega kwa bega, wakilia. Tulipomfikia Elphas kifua chake kilikuwa kimelala bapa. Wangu alivua sweta yake akamfunika uso, kwa maana blanketi hatukuwa nalo. Kisha akainuka, akamfuata Mzee Kimaiyo aliyekuwa amekaa kwenye lori ameshika kichwa, akamkaba koo. Polisi walipofika walimkuta bado amemkaba, na ndivyo alivyokuwa wa kwanza kutiwa pingu.

Na mkataba ule mzuri ukamgeukia. Karatasi ilisema waziwazi: mwenye amri ya kutoa miti ni msimamizi. Miti ilitolewa, kwa hiyo msimamizi aliitoa. Wakili wa Mzee hakuhitaji zaidi ya hapo. Mafundi wakaandikisha kituoni, mmoja baada ya mwingine, kwamba foreman ndiye aliyewaambia. Walimwogopa Mzee? Hapana. Walikuwa wamekula kwake, na nusu yao walikuwa wamempiga yule mwanamke. Ukweli ungewaingiza pia. Quincy alikuja mahakamani Nakuru akiwa na wakili wake na bila kofia. Akasema ndiyo, Wangu alimpigia simu asubuhi ile, lakini walizungumza habari za simiti. Angesema aliambiwa kuhusu miti, angeulizwa kwa nini hakufika. Nilitamani kuruka benchi nimfikie.

Mimi nilisimama nikasema nilichoona, kwa mwanya wangu mpya, nikipiga mluzi kila penye herufi ya s. Mwendesha mashtaka akaniuliza swali moja tu: je, ni kweli mimi ni mtoto wa shangazi wa mshtakiwa? Nikasema ni kweli. Akakaa chini.

Wangu alikuwa anashtakiwa kwa kusababisha kifo. Hakuwa na wakili. Miezi ya rumande ilikuwa imemkondesha, nywele zilikuwa zimekatwa, na alama za waya zilionekana kila alipoinua mikono. Nilipomtembelea hakuwa analia juu ya kifungo. Alikuwa akisema neno moja tu: wataandika kwamba nilimuua mtu kwenye mjengo wangu. Alilirudia mpaka askari wakanitoa.

Shahidi wa mwisho alikuwa Kiplimo. Mkono wake ulikuwa umefungwa vyuma ndani, Mzee ndiye aliyegharimia hospitali, na kila mtu alijua kwamba Kiplimo hana chuki na mtu duniani kama aliyo nayo kwa Wangu. Akaapa. Akasema kama wengine: foreman alitoa amri, wakatoa miti, slabu ikaanguka, ikamvunja mkono.

Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole, akamuuliza Wangu kama ana maswali. Wangu akasimama.

"Kiplimo, sema nani alikuvunja mkono."

"Nimesema. Ni slabu."

"Slabu ilianguka wewe ukiwa wapi?"

Kiplimo akageuka kumtazama Mzee.

"Ulikuwa umekaa kwa mchanga, nje," Wangu akasema. "Ulikuwa umeshavunjika. Mimi ndio nilikuvunja. Nilikupiga na mpini wa sururu, na hukunikosea kitu kingine siku hiyo. Niambie mbele ya hakimu vile nilikupiga. Niambie nilikupigia nini."

Mwendesha mashtaka akaruka juu akipinga. Hakimu akamwambia akae.

"Unaogopa nini?" Wangu alikuwa sasa anapaza sauti, ameshika kizimba kwa mikono miwili. "Si unanichukia? Nishtaki! Mkono wako ndio huo, wa kazi, hautawahi kushika nyundo sawasawa tena. Unaupatia slabu bure? Nishtaki, mwanamume!"

Nyuma yetu alikuwa ameketi Sue, mjane wa Elphas, na mtoto mgongoni. Hakuwa ametoa sauti tangu kesi ianze. Kiplimo alimtazama, akautazama mkono wake. Chuki ndiyo ilianza kusema, nina hakika. Mengine yalifuata yakiwa yamejishikilia nyuma yake.

"Ni huyu," akasema. "Ni huyu mathe alinivunja! Mzee alisema tutoe miti, nikaanza, huyu akaniambia niache mara mbili, nikakataa, akanipiga nikasikia mfupa ikilia. Alinipiga kama nyoka! Alikataa tusitoe hata mti mmoja." Akavuta pumzi. "Elphas alichukua nyundo yangu. Hiyo nyundo ilikuwa yangu. Kama singevunjwa ni mimi ningekuwa hapo chini."

Akaketi sakafuni, palepale kwenye kizimba cha mashahidi, akaficha uso kwenye mkono mzima. Sue akaanza kulia, kwa sauti, na mtoto naye akalia. Mzee Kimaiyo alikuwa akitazama mbele tu. Quincy alikuwa ameshainuka anatafuta mlango.

Kesi ile ilivunjika, na Mzee na Quincy wakafunguliwa ya kwao, ambayo bado inaendelea. Wangu hakuachiliwa. Kiplimo aliandikisha malalamiko, kama Wangu alivyomwomba, na Wangu akarudishwa mbele ya hakimu yuleyule kwa shtaka jipya la kumvunja mtu mkono makusudi. Nilikwenda nikakaa karibu na mama yangu. Sue alikuwepo pia, sijui alikuja kwa ajili ya nani.

Hakimu akamsomea shtaka, akamweleza kwamba anaweza kukana, kwamba anaweza kufungwa, kwamba asiharakishe kujibu.

"Nakubali, mheshimiwa," Wangu akasema.

"Unakubali kosa?"

"Nakubali nilimpiga." Akageuka, akamtafuta Sue kwa macho, akamwona. "Kosa langu ni kwamba walinifunga kabla sijamvunja Elphas naye mkono."